Sahani ya Herufi Saba

Agnesi alikuja kunitazama mwezi uliopita, na kitu cha kwanza alichofanya baada ya miaka hamsini ya kutoonana ni kunicheka. Alisimama mlangoni pangu hapa Mtanda, mkono mmoja begani kwa mjukuu wake, mwingine kwenye fimbo, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Zuhura, umenenepa." Nikamjibu kwamba yeye hakunenepa kwa sababu ya roho mbaya. Halafu tukakumbatiana tukalia, vikongwe wawili tumeziba mlango, na yule mjukuu hajui apite wapi. Nilimpikia wali wa nazi na samaki chuchunge wa kukaanga. Tulipomaliza kula alimpokonya mjukuu gazeti alilofungia viatu, akagusa herufi saba kwa kidole, moja hapa, moja pale, akasema, "Haya, tafuta." Yeye, mwalimu mstaafu wa Unguja, alipata maneno manne ya Kiingereza. Mimi, ambaye siwezi hata kuomba chumvi kwa lugha hiyo, nilipata sita. Akanipiga kofi la goti, kama alivyokuwa akifanya zamani kila nilipomshinda.

Kabla hajaondoka aliniuliza, "Yule mtoto alipona, sivyo?" Nikasema alipona. Akatabasamu. Kumbe kisa chetu amekuwa akiwasimulia wanafunzi wake miaka yote hiyo: jinsi mchezo wa herufi ulivyomtoa mwanamke kwenye kamba ya Wajerumani. Nilimwacha aondoke na kisa chake. Lakini kisa hicho ni nusu tu. Katika nusu ya pili kuna mwanamume aliyetoka nyumbani kwetu na maji yangu ndani ya kibuyu, akiamini yatamkinga na risasi, na Agnesi hajui hata kama mtu huyo alipata kuwapo. Sikumwambia wakati ule, na mwezi uliopita nilipata nafasi nzuri kabisa nikaishia kumwongezea mchuzi. Sasa naandika, kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Mwaka wa vita vya Maji Maji nilikuwa naishi Lindi mjini kwa shangazi yangu Mwanakheri. Nilikuwa na miaka kama ishirini, nimeachika, na ulimi wangu ndio ulioniachisha, nisimsingizie mtu. Shangazi alikuwa mjane wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mumewe alipokufa wagonjwa hawakuacha kuja. Walikaa barazani wakingoja, utadhani marehemu ametoka kidogo atarudi, mpaka siku moja shangazi akaichukua kalamu ya mumewe akaanza kuwaandikia mwenyewe. Alikuwa akiandika kombe: aya za Kurani juu ya sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, kisha aya zinaoshwa kwa maji na mgonjwa anayanywa yale maji. Alikuwa na sahani sita za kauri, zimepangwa juu ya ubao wa ukutani katika chumba cha ndani, na hakuna aliyeruhusiwa kulia chakula humo hata siku ya Idi. Chumba hicho nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala maishani. Kilikuwa na dirisha moja dogo la nondo za mti, mkeka wa ukindu ulioliwa na mende pembeni, mtungi wa maji uliotokwa jasho mchana kutwa, na harufu ya udi iliyogombana na harufu ya samaki kutoka jikoni. Shangazi akiandika alinyamaza kabisa, nami nilikaa kimya kando yake nikimsagia zafarani, jambo ambalo mume wangu asingeliamini hata kwa kuapiwa.

Agnesi aliletwa na vita. Alikuwa mwalimu wa wasichana wadogo katika misheni ya Waingereza huko bara. Wapiganaji walipokaribia, Wazungu wa misheni na watu wao walikimbilia pwani wakapanda meli kwenda Unguja. Yeye miguu ilimvimba njiani, akabaki nyuma, na alipofika Lindi meli ilikuwa imeondoka siku mbili nyuma. Shangazi alimkuta ameketi kwenye ngazi zetu, msalaba shingoni, nyayo zinavuja damu. "Mwanakheri, huyo Mkristo," jirani yetu Bi Tatu alisema kutoka upande wa pili wa ua. Shangazi akajibu, "Ni Mkristo mwenye njaa." Akamtengea muhogo wa nazi, akamwosha miguu kwa maji ya chumvi, na maneno yakaishia hapo. Meli nyingine haikujulikana itakuja lini. Alikaa nasi karibu miezi mitano, tukilala mkeka mmoja, na katika muda wote huo nadhani tulinuniana mara mbili tu, mara zote kwa sababu ya mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa ndani ya mkebe wa bati wa biskuti, ambao Agnesi alitembea nao kutoka bara akiwa ameufunga kiunoni kwa kitambaa. Mimi niliposikia unagongana ndani nilidhani ni dhahabu. Kumbe ni vibao vya mfupa, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kimechorwa herufi moja ya Kizungu. Masista wa misheni waliwafundishia Kiingereza. Unafumba macho, unachota vibao saba, unavitandaza mbele yako, halafu unatafuta maneno yote yanayoweza kutoka katika hizo saba. Agnesi alikuwa akicheza kila siku baada ya chakula cha mchana, peke yake, midomo ikimchezacheza. Aliogopa Kiingereza kitamtoka, na bila Kiingereza shule ya Unguja isingempokea. Nilimtazama siku tatu. Siku ya nne nikamwambia asogee.

Mwanzoni nilimvunja mbavu kwa kicheko. Mimi nilisoma herufi za Kiarabu, na kwetu herufi zinashikana mikono na zinatoka kulia. Zake zilisimama mbalimbali, kila moja na lake, nami nilikuwa nazipanga kuanzia kulia, neno linaanzia mkiani kuelekea kichwani. Hakunikataza, maana aliona neno likiisha liko sawa. Maana za maneno hazikukaa kwangu, lakini sura zake zilikaa. Nilizijua kama ninavyozijua nyuso za watu wa sokoni nisiowajua majina. Baada ya mwezi nikaanza kumshinda, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa kuwa kila mmoja alidai neno fulani ni lake. Sheria ya masista ilikuwa maneno yaandikwe, lakini karatasi mjini haikuwapo isipokuwa bomani. Shangazi, aliyekuwa akijifanya hatusikii, siku moja alishusha sahani mbili nyingine kuukuu zilizomeguka ukingoni, ambazo hakuziandikia tena Kurani, akasema, "Andikeni humo, mniache nisali." Zafarani ilikuwa haishikiki kwa bei, kwa hiyo tulitengeneza wino wetu kwa manjano. Tulikuwa tunaandika leo, tunaosha kesho, tunaanza upya, na sahani zetu zilikaa juu ya ubao uleule, kando ya zile sita. Hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo mara mbili.

Na ule ulikuwa mwaka wa kufikiria mara mbili. Huko bara waganga walikuwa wanawapa watu maji, na aliyeyanywa aliambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji nazo. Wajerumani nao walikuwa wanamnyonga kila waliyemshika akigawa maji hayo. Habari zilitufikia kupitia ua wa Bi Tatu, ambaye alizitoa huku anapeta mchele, kwa sauti ileile ya kutaja bei ya dagaa. "Leo wawili," alisema asubuhi moja. "Mmoja mzee. Kikoi kilimvuka palepale juu, na hakuna aliyethubutu kumfunika." Shangazi alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini, akanawa, akaingia ndani. Siku hiyo hakuandika kombe, na aliyekuja alimwambia arudi kesho.

Ilipofika zamu yangu ya kukosea, shangazi alikuwa amekwenda Mingoyo kwenye msiba wa siku tatu, na Agnesi alikuwa kisimani. Nilikuwa peke yangu, nami nilikuwa katika siku zangu, wakati ambao mwanamke hashiki Kurani wala kalamu inayoiandika. Wakaingia uani mwanamke na kaka yake, Wamwera kutoka upande wa Mtama, wametembea siku mbili. Mwanamke aliitwa Somoe. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume wa kama miaka miwili, macho yamegeuka juu, joto lake unalihisi kabla hujamgusa. Kaka yake, Liponda, alibaki kizingitini. Alikuwa rika langu, mrefu, mpole wa uso, na alinisalimu kwa heshima ambayo haikuwa yangu bali ya nyumba ile.

"Tumeambiwa hapa kuna mama anaandika," Somoe alisema.

"Hayupo. Atarudi kesho kutwa."

"Kesho kutwa huyu hayupo."

Nikamwambia mimi siwezi kuandika. Hakuuliza sababu, mwanamke mwenzangu alielewa. Macho yake yakazunguka chumba, yakafika kwenye ubao wa ukutani. "Na ile?" akasema. "Si imekwisha andikwa?"

Ilikuwa sahani yetu ya jana, mimi na Agnesi. Nilichopaswa kusema ni kifupi mno: ile ni mchezo, mama, haina kitu. Miaka hamsini nimejiuliza kwa nini sikusema. Sikuwa na nia mbaya, na siandiki hivi kujitetea. Nilimwona mtoto anakwisha, nikamwona mama yake ameona sahani na pumzi zimemrudi, na nikakosa moyo wa kumnyang'anya. Nikajiambia maji hayamdhuru mtu. Nikaishusha, nikaiosha kwa maji ya mtungini, maneno yakayeyuka yakawa maji ya njano ndani ya bakuli. Mtoto akanywa mafunda matatu. Yalibaki nusu bakuli.

"Yaliyobaki naomba ya kaka," Somoe akasema.

"Anaumwa nini?"

"Haumwi."

Nilielewa. Hakuna mtu Lindi mwaka ule ambaye asingeelewa. Liponda akapiga hatua moja ndani, akafungua kibuyu kidogo kilichokuwa kiunoni mwake. Aliitazama sahani, ambayo bado ilikuwa na vivuli vya herufi mbili tatu.

"Dada, hizi si za Kiarabu."

"Za Wazungu," nikasema. Kuhusu sahani ile, hiyo ndiyo kweli pekee niliyoisema, na ingekuwa heri ningedanganya.

Akatabasamu taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato. "Basi risasi zao zitanijua," akasema. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu, nikamshikia bakuli huku anayamimina. Nilimwona Liponda kwa muda wa kukoka moto tu. Watu nilioishi nao miaka nimewasahau sura, yeye hapana.

Homa ilimwacha mtoto kabla hakujapambazuka. Homa za watoto zina mambo yake, leo najua, lakini Somoe alijua alichokiona na alikisema kila alipopita. Kesho yake walikuja watu barazani, na hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanaume wazima wenye afya, kila mmoja na kibuyu chake, wakitaka maji ya herufi za Wazungu. Nikawafukuza kwa ufagio. Wakarudi. Shangazi aliporejea kutoka Mingoyo aliwakuta sita wamekaa, wakamwamkia shikamoo kwa pamoja, akawaitikia marahaba akidhani wameleta msiba mwingine. Walipoondoka alinikalisha kwenye mkeka. Nikamweleza habari za mtoto. Liponda sikumtaja. Nilikuwa na jina lake mdomoni kabisa, nikalimeza, kwa kuwa uso wa shangazi ulikuwa umekwisha badilika kwa hiyo nusu ya kwanza tu.

"Umempa mtu mchezo aunywe badala ya Kurani," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mwingine nani?"

"Mtoto tu."

"Mungu akusamehe. Usirudie."

Siku ya pili yake akida, msimamizi wa Wajerumani hapo mjini, alikuja na askari wanne. Walishusha sahani zote nane. Akida aliuliza za nani, shangazi akasema zake. Akauliza mwandiko wa Kizungu umetoka wapi, shangazi akasema umetoka katika nyumba yake. Agnesi alikuwa nyuma ya pazia ameshika mkebe wake tumboni, mimi niko katikati ya chumba nimefungua mdomo. Shangazi akanitazama mara moja, jicho lile la kunikataza kuongea mbele ya wageni, ambalo maisha yangu yote nilikuwa silitii. Nikalitii. Wakamfunga mikono kwa kamba ya katani wakamchukua bomani.

Siku mbili zilizofuata Bi Tatu hakupeta mchele. Alikuwa anaongea na mumewe kwa sauti ya chini, lakini ua ulikuwa wa makuti, na kila kitu kilipita. "Wanawake hawawanyongi," mume alisema. "Nani kakwambia?" Bi Tatu akajibu. Nikiwa jikoni nilipika uji nikaumwaga, nikapika tena nikaumwaga. Jioni ya pili Agnesi alikuja akachuchumaa mbele ya mafiga. Alikuwa anawaogopa askari kuliko kitu chochote duniani, njiani alikuwa ameona walichowafanya watu. "Mimi ndiye mwenye herufi," akasema. "Kesho nakwenda kuwaeleza." Nikamwambia tunakwenda wote, sahani niliiosha mimi.

Bwana mkubwa wa boma alitupokea barazani kwake. Alikuwa Mjerumani mwembamba, ana homa, amejifunga blanketi mabegani saa nne ya asubuhi, na alizungumza Kiswahili cha kuamrisha. Kando yake alikuwa karani mmoja Mgoa aliyewahi kufanya kazi Unguja na kujua Kiingereza. Shangazi aliketishwa, hapana, niseme kweli, alisukumwa akaketi chini sakafuni, mikono bado imefungwa, ushungi umemtoka, na mimi sikuwahi kuziona nywele zake mchana mbele ya wanaume. Agnesi akaeleza habari ya mkebe, ya masista, ya herufi saba. Alieleza vizuri. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaukung'uta mkebe juu ya meza, akachukua vibao saba bila kuvitazama, akavisukuma mbele yake.

"Cheza," akasema. "Mimi ona."

Agnesi akainama juu ya vile vibao. Karibu na sikio lake askari mmoja alikuwa anahema. Nilingoja midomo yake ianze kucheza, haikucheza. Jasho lilimtoka puani likadondokea mezani. Akanong'ona, "Zuhura, sioni kitu." Alikuwa anaona herufi saba zisizo na neno hata moja, mwanamke aliyefundisha lugha hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kwa kuwa kwangu hazikuwa na maana yoyote, hofu haikuwa na pa kuzishika. Nikaziona nyuso zangu za sokoni. Nikasogea, nikaanzia kulia, mkiani, kama kawaida yangu. G, O, D. Karani akainama, akasoma kuanzia kushoto. "Mbwa," akasema. Nikavunja nikapanga tena. "Simba." Tena. "Msumari." "Mafuta." "Dhahabu." "Mzigo." Karani alianza kutamka kabla sijamaliza, kama mtoto aliyeanza kufurahia, mpaka bwana mkubwa akainua mkono.

"Sahani nani osha?"

"Mimi," nikasema.

"Nani kunywa?"

"Mtoto mgonjwa."

"Nani tena?"

Hapo ndipo dunia yangu yote ilipokuwa. Liponda alikuwa amesimama kichwani mwangu na kibuyu chake. Nikimtaja, sahani ile si mchezo tena, ni dawa ya vita, na mwenye nyumba kamba inamngoja. Nisipomtaja, nimesema uongo mbele ya shangazi kwa mara ya pili. Kabla sijafungua mdomo, shangazi aliongea kutoka sakafuni. "Wallahi," akasema, "hakuna mwingine. Naapa kwa Mungu, katika nyumba yangu hakunywa mtu kwa ajili ya vita." Shangazi hakuwa mtu wa kuapa. Sokoni wauza samaki walimwapia mara kumi naye alikuwa anasema ndiyo au hapana basi. Aliapa kwa kuwa aliniamini, na mimi nilisimama pale nikamwacha aape. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa ajili ya shingo yake au kwa ajili ya aibu yangu, na nimechoka kujiuliza.

Bwana mkubwa akamwuliza karani, karani akaniuliza mimi: maneno gani yalikuwa kwenye sahani iliyonywewa? Sikuyajua kwa kuyatamka, nikayapanga mezani moja moja, na karani akayasema. Bahari. Chai. Sikio. Kuku. Kofia. Alipofika kwenye panya, yule bwana alitoa sauti, nikadhani anakohoa. Alikuwa anacheka. "Watu kunywa panya," akasema, akajifunika blanketi vizuri zaidi, akaonyesha kwa kidole wamfungue shangazi. Hukumu ilikuwa hiyo. Asiandike tena kombe mpaka vita viishe, na sahani zote nane zivunjwe palepale ngazini. Mkebe wakamrudishia Agnesi. Shangazi alipofunguliwa hakukimbilia nje. Aliinama kwenye zile ngazi na mikono yake iliyovimba, akaokota vipande vyote akavitia katika ushungi, kwa sababu Kurani ilipata kuandikwa juu yake na isingefaa watu wavikanyage. Mimi na Agnesi tukaokota naye.

Meli ilikuja baada ya wiki chache. Agnesi akaondoka na mkebe wake kiunoni, shule ikampokea, na kwake kisa kiliisha siku ile bomani. Ndivyo alivyokisimulia miaka hamsini, na simlaumu, maana ni kisa kizuri. Sisi tulibaki Lindi na njaa. Mashamba ya bara yalichomwa, watu wakawa wanachimba mizizi porini. Asubuhi moja baada ya mvua, mimi na shangazi tulikuwa uani tunachambua kisamvu, akaingia Somoe. Amekonda, lakini anacheka. Mkononi amemshika mtoto, anatembea mwenyewe, tumbo mbele. Alikuwa ametuletea kikapu kidogo cha ming'oko, mizizi ile ya porini, na mwaka ule kikapu hicho kilikuwa chakula cha watu wa nyumbani kwake kwa siku kadhaa.

"Mtoto wenu huyu," akasema. "Nimekuja mumwone."

Shangazi akampakata, akamtekenya, akamsifu. Mimi nilikuwa siwezi kunyanyua macho kutoka kwenye majani. Nilijua kinachokuja, na hakikuchelewa.

"Kaka yangu tu ndiye hakurudi," Somoe alisema. "Liponda. Yule aliyebeba yale maji yaliyobaki. Wenzake wanasema aliyanywa asubuhi mbele yao, akawaambia yeye atatangulia kwa kuwa risasi zinamjua. Akapigwa wa kwanza." Akakisogeza kikapu kando. "Nimefikiri sana. Kaka alikuwa na mkono mwepesi wa kugawa. Labda aliwagawia wenzake, hakuyanywa yote. Au yeye alikosea mwiko gani. Nisaidie, dada. Alikosea wapi?"

Aliniuliza mimi. Niliona kwamba alikuwa ametembea siku mbili si kwa ajili ya shukrani peke yake. Shangazi alikuwa ameacha kumtekenya mtoto. Alinitazama kwa muda mrefu, nami nikaona jinsi jambo lote linavyomwingia, kibuyu, na boma, na kile kiapo. Nilitaka kusema, na kwa mara ya kwanza maishani ulimi wangu haukunyanyuka. Basi akasema yeye.

"Hakukosea, mwanangu. Kaka yako hakukosea kitu. Maji yale hayakuwa na lolote ndani yake. Ilikuwa michezo ya wasichana wangu, na kosa ni la nyumba hii."

Somoe hakulia mara moja. Alimvuta mtoto akamweka mapajani. "Lakini huyu alipona," akasema.

"Huyu aliponywa na Mungu. Sisi hatukuwa na mkono."

Hapo akalia. Shangazi alimsogelea akamshika, wakakaa hivyo, na mimi niliwachemshia uji kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kujiweka. Alipoondoka hakutulaani. Alinipa mkono kama alivyompa shangazi. Sikumwona tena.

Shangazi hakunigombeza. Jioni aliniambia tu kwamba ameapa kwa jina la Mungu juu ya jambo lisilokuwa kweli, na kiapo kama hicho kina kafara yake: kulisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Mwaka ule hakuna mtu Lindi aliyeweza kulisha kumi. Asubuhi nikamwambia nitafunga naye.

"Wewe kula," akasema.

"Shangazi, kosa ni langu."

"Kosa ni lako. Kiapo ni changu."

Adhuhuri akachemsha ming'oko ya Somoe, akanitengea juu ya mkeka, akakaa mbele yangu na midomo imemkauka, akasubiri. Nilikula. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilishindwa, nikashika mng'oko nikalia, nikamwambia siwezi, heri anipige. Alinifuta machozi kwa ncha ya ushungi wake, akanishikisha mng'oko upya mkononi.

"Maliza, mwanangu," akasema. "Bado miwili."